Upungufu wa Damu: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kuridhika na Vidonge

Mtu akiambiwa hospitalini kwamba ana upungufu wa damu, mara nyingi huondoka na vidonge vya madini ya chuma akiamini kwamba ugonjwa wake umeshajulikana. Kwa jinsi nilivyougua mwenyewe, na baadaye nikamuuguza baba yangu, ningependa kila anayepewa jibu hilo aulize swali moja zaidi: damu yangu imepungua kwa sababu gani? Upungufu wa damu husababishwa na jambo jingine, na jambo hilo lisipotafutwa, vidonge vinaweza kuipandisha damu kwa miezi michache tu kisha ikashuka tena.

Kinachopungua hasa ni himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, ambayo hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuifikisha sehemu zote za mwili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume ana upungufu ikiwa himoglobini yake iko chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya gramu 12. Kwa mjamzito kiwango huwekwa chini kidogo, kwa kuwa majimaji ya damu huongezeka katika kipindi hicho. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine bila kukoma. Kwa hiyo damu hupungua ama kwa kuvuja, ama kwa kutotengenezwa ya kutosha, ama kwa chembe kuharibiwa kabla ya wakati wake, kama inavyotokea katika malaria na selimundu.

Kwangu mimi dalili zilikuja polepole hata nikazizoea. Nikipanda ngazi, moyo ulikwenda mbio kiasi cha kuyasikia mapigo yake masikioni, na nilikuwa na hamu kubwa ya kutafuna barafu ambayo sikuihusisha na ugonjwa wowote. Daktari alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama utando wa ndani ambao kwa kawaida huwa mwekundu, kisha akakunjua viganja vyangu na kuvilinganisha na vyake. Uchunguzi huo ni wa maana sana kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu kupauka kwao hakuonekani kwa urahisi usoni. Wengine hupata kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kuishiwa pumzi, kucha zinazobonyea katikati au michubuko kwenye pembe za mdomo. Naomba pia msomaji asidanganyike na kifaa cha kubana kidoleni: kinaweza kuonyesha oksijeni asilimia 98 kwa mtu ambaye damu yake ni kidogo sana, kwa kuwa hupima ni sehemu gani ya himoglobini iliyobeba oksijeni, wala hakipimi wingi wa himoglobini yenyewe.

Kipimo cha kuanzia ni picha kamili ya damu, na nashauri usiridhike na namba moja tu ya himoglobini. Katika karatasi hiyo hiyo kuna ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, ambao kwa mtu mzima huwa kati ya femtolita 80 na 100 (femtolita ni kipimo cha ujazo mdogo mno), na huo ndio unaomwonyesha daktari pa kuelekea. Chembe ndogo humfanya afikirie upungufu wa madini ya chuma au talasemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi himoglobini ipasavyo. Chembe kubwa humpeleka kwenye upungufu wa vitamini B12 au asidi ya foliki. Zenye ukubwa wa kawaida huonekana, kwa mfano, katika maradhi sugu ya figo, ambapo homoni inayouchochea uboho hupungua. Chembe zangu zilikuwa ndogo, na kipimo cha feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, kilithibitisha kwamba akiba ya chuma ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, feritini hupanda mtu anapokuwa na maambukizi au uvimbe mwilini, kwa hiyo jibu linaloonekana zuri halitoshi daima kuondoa shaka.

Kilichofichua chanzo kwangu ni maswali ya daktari: hedhi inachukua siku ngapi, nabadilisha pedi mara ngapi, je, mabonge hutoka? Ultrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye kizazi, na matibabu yakaelekezwa huko pamoja na vidonge. Kwa baba mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa ametumia dawa za maumivu ya magoti kwa muda mrefu, na kumbe kidonda cha tumbo kilikuwa kikivujisha damu kidogo kidogo bila maumivu. Mwanamume yeyote, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, anapaswa kuchunguzwa tumbo na utumbo, kwa sababu hata saratani ya utumbo mpana inaweza kujitokeza kwa namna hiyo.

Usinywe vidonge kwa kubahatisha. Mwenye talasemia anaweza kulimbikiza chuma kikadhuru ini na moyo, na mwenye upungufu wa B12 akipewa asidi ya foliki peke yake, damu yake inaweza kuonekana imepona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ganzi miguuni isipuuzwe kamwe. Ukiwa umethibitishiwa kuwa tatizo ni chuma, usimeze kidonge pamoja na chai au kahawa, kwani hupunguza kiasi kinachofyonzwa, na usikiache mara tu nguvu zinaporudi. Kwa kawaida matibabu huendelea kwa takriban miezi mitatu baada ya himoglobini kufikia kiwango chake, ili akiba nayo ijae. Viweke mbali kabisa na watoto, maana chuma kingi ni sumu kwao.

Vidonge hivyo huufanya choo kuwa cheusi, na hilo pekee lisikutie hofu. Lakini choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida ni dalili ya damu inayovuja ndani ya tumbo, na mtu wa namna hiyo, sawa na anayezimia, anayeumwa kifua au anayehema hali ameketi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.