Madeni yana majina yetu wawili, ndoa haipo tena

Shikamoo Anti,

Nina miaka 36 na watoto wawili. Mume wangu aliondoka nyumbani miezi minne iliyopita. Talaka bado, ila sote tunajua haturudiani. Kuna mkopo wa benki tuliosaini wote wawili kwa ajili ya biashara yake, na nyumba yetu, yenye majina yetu wawili, ndiyo iliyowekwa rehani. Kuna mkopo wa mshahara wangu niliouchukua nikampa yeye. Kuna wa chama cha akiba na mikopo, na mdhamini wake ni dada yangu. Halafu kuna mikopo midogo ya simu niliyokopa ili kulipia hiyo mikubwa. Mshahara ukiingia unaisha siku hiyo hiyo. Mume wangu anasema nijitangaze mufilisi madeni yafutike, lakini kwanza nisaini karatasi ya kuihamishia nyumba kwa kaka yake ili isiguswe. Anaahidi kwamba kwenye makubaliano ya talaka ataandika mkopo wa benki ni wake. Mama anasema ufilisi ni aibu, dawa ya deni ni kulipa. Mimi ni mhasibu, hesabu ni kazi yangu, na silali. Nijitangaze kabla ya talaka, baada yake, au nisijitangaze kabisa?

Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, kwenye hiyo karatasi ya nyumba. Nitaanza nayo kwa sababu mengine yanaweza kungoja mwezi mmoja. Hili haliwezi.

Usisaini. Mtu akitangazwa mufilisi, mali yake huwekwa chini ya msimamizi, na swali la kwanza la msimamizi huyo ni: huyu alikuwa na nini, na kimekwenda wapi? Atapekua hati, taarifa za benki, gari lililouzwa, kiwanja alichopewa ndugu. Mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa kabla ya ufilisi huweza kurudishwa ili wadai wagawane. Uingereza, kwa mfano, msimamizi anaweza kurudi nyuma hadi miaka 5. Hapo atakayesimama kujibu kwa nini alificha mali ni wewe, na nchi nyingi zinalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Na isiporudishwa? Basi imekwenda. Siku ya kugawana mali ya ndoa utakuwa unadai sehemu katika nyumba ya shemeji yako. Isitoshe, nyumba iliyo rehani kwa kawaida haihamishwi bila benki kuridhia, kwa hiyo hata hiyo karatasi yenyewe ina walakini. Simjui mumeo na sitamsingizia nia mbaya. Ninachokiona ni kwamba katika mpango wake, ukienda vizuri au vibaya, anayeumia ni mmoja, na ni wewe.

Sasa ile ahadi ya kwamba ataandika mkopo wa benki ni wake. Mkopo uliosainiwa na watu wawili, kwa kawaida haugawanyiki nusu kwa nusu. Kila mmoja anadaiwa wote. Akishindwa yeye, benki inakujia wewe kwa kiasi chote kilichobaki, na ukiwaonyesha hati ya talaka watakuambia, kwa adabu, kwamba wao hawakuwa sehemu ya makubaliano hayo. Kweli unaweza kurudi mahakamani kumdai yeye alichokulipisha. Lakini kumdai mtu asiye na kitu ni kazi nyingine kabisa. Hili nalijua kwa mwili wangu. Niliwahi kumdhamini mtu niliyempenda. Tukaachana bila ugomvi, akaapa atalipa, na naamini siku ile alimaanisha. Nililipa mimi, miaka mitano, kwa sababu saini ilikuwa yangu.

Ukiuweka ufilisi kando, yanayoweza kukutoa kwenye mkopo ule ni mawili: ulipwe uishe, au benki yenyewe iandike kwamba imekuachia na inamdai yeye peke yake. Waulizeni hilo la pili kwa maandishi. Wakikataa, na mara nyingi hukataa, zungumzeni juu ya kuiuza nyumba ninyi wenyewe kabla haijafika mnadani. Najua watoto wanalala humo na najua unavyoisoma sentensi hii. Lakini nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa hiari, akiwa na muda wa kungoja mnunuzi, kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko inayopigwa mnada, na kila shilingi inayopotea mnadani inabaki kuwa deni lenu. Na wiki hii hii, kama mna akaunti ya pamoja au kadi anayoweza kuitumia kwa jina lako, iandikie benki izuie kukopa kupya. Chukua pia taarifa yako ya mikopo kutoka kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Wanawake kadhaa wameniandikia wakisema walikuta humo mkopo wasioujua. Ukikuta saini ambayo si yako, hilo si deni la ndoa tena. Ni la polisi na wakili.

Tuje kwenye ufilisi wenyewe, deni moja moja, maana huwa watu wanaufikiria kama mvua inayosafisha kila kitu.

Mkopo wa mshahara na mikopo ya simu haina rehani. Hiyo ndiyo ufilisi unaishika vizuri. Wadai wanalazimika kuacha kukuandama na kusimama kwenye foleni moja, na muda wa ufilisi ukiisha kinachobaki husamehewa. Simu za saa tano usiku zitakoma. Mkopo wa benki ni habari nyingine: wewe unaweza kuachiliwa deni, lakini rehani haifi, na benki inabaki na haki yake juu ya nyumba. Na mume wako atabaki anadaiwa wote, jambo ambalo sidhani amelifikiria anapokuhimiza. Mkopo wa chama, ukiachiliwa wewe, unamgeukia dada yako, kwa maana kusamehewa kwa mkopaji hakumfungui mdhamini. Na usijaribu kulizunguka hilo kwa kumlipia dada deni lote harakaharaka kisha ukapeleka ombi. Kumpendelea mdai mmoja, hasa ndugu, siku chache kabla ya ufilisi ni jambo ambalo msimamizi anaweza kulitengua.

Kuna moja la kukutia nguvu. Katika nchi nyingi, Uingereza na Marekani zikiwemo, matunzo ya watoto hayafutwi na ufilisi. Kwa hiyo hata siku moja baba yao akija na wazo la kujitangaza yeye, asikuambie kwamba na wajibu wake kwa watoto umekufa.

Gharama yake ipo. Uingereza mtu kwa kawaida huachiliwa baada ya mwaka 1. Kenya, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ni miaka 3 tangu awasilishe maelezo ya mali na madeni yake. Australia ni miaka 3 na siku 1. Kumbukumbu kwa wakopeshaji zinaweza kudumu zaidi ya hapo. Katika kipindi hicho jina lako linakuwa kwenye daftari la wazi, urithi ukikuangukia unaweza kuchukuliwa, huruhusiwi kuendesha kampuni bila kibali, na kwingine hata kusafiri nje kunahitaji ruhusa. Wewe ni mhasibu. Kabla ya kitu kingine chochote, soma mkataba wako wa kazi na kanuni za bodi iliyokusajili, maana katika taaluma yako ufilisi unaweza kugusa leseni. Ukipoteza kazi ili kufuta deni, utakuwa umechoma ghala kuwafukuza panya.

Umeniuliza kabla au baada. Nakujibu wazi: nisingepeleka ombi sasa. Ukitangazwa mufilisi kwanza, sehemu yako katika nyumba inaingia mikononi mwa msimamizi, na mwamuzi wa talaka yenu atakuta kilichobaki cha kugawa ni kidogo au hakuna. Mimi ningetaka mali na madeni ya ndoa viwekwe mezani vyote, mbele ya mahakama, bila kificho, kila mmoja ajue chake. Wakati huo huo waandikie wadai, mmoja mmoja, uwaeleze hali na uombe kupunguziwa makato au kusimamishiwa riba. Sheria za nchi nyingi zina pia mpango rasmi wa kulipa kwa awamu unaokubaliwa na wadai walio wengi, na huo haukuvui kila kitu. Tafuta wakili wa ndoa na mtu anayejua sheria ya madeni, na uhakikishe wanazungumza. Nimeona kesi ambapo wakili mmoja alijenga na mwenzake akabomoa bila kujua.

Ila kama tayari kuna hukumu dhidi yako na dalali wa mahakama ana tarehe, au mshahara unakatwa hadi watoto wanakosa chakula, usifuate utaratibu wangu. Hapo kaonane na mwanasheria kesho asubuhi, kwa sababu ombi la ufilisi linaweza kuwa ndilo linalosimamisha mkono wao.

Mama yako nitamjibu kwa heshima. Dawa ya deni ni kulipa, na msemo huo ni wa haki kwa mwenye uwezo wa kulipa. Wewe unakopa kwa huyu kumlipa yule, na riba inakula pande zote mbili. Kaa na kalamu kama unavyowakalia watu wengine kazini. Ondoa chakula, pango, shule, nauli. Kilichobaki kikigawanywa kwa madeni kinayamaliza kwa miaka mitano au sita, jibane ulipe. Kikionyesha miaka ishirini, au kikionyesha deni linaongezeka, hilo si suala la tabia yako. Najua neno mufilisi mtaani ni tusi. Mahakamani ni jina la hali, lina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na limewekwa na sheria kwa ajili ya watu waliofika hapo ulipo. Ukifika kwenye ombi hilo baada ya kujaribu mengine, ukiwa umesema kweli juu ya kila ulicho nacho, sitakuonea aibu, na mama akielezwa taratibu naye atalainika.

Ninayemfikiria zaidi ni dada yako. Katika barua nzima hukusema kama anajua. Aliweka jina lake kwa sababu yako, na huenda hajui lolote kuhusu karatasi, talaka wala ombi la mahakamani. Nenda kwake wewe mwenyewe, ukiwa na takwimu mkononi, umwambie kiasi kilichobaki na unachoweza kulipa kila mwezi. Nenda kabla barua ya chama haijamfikia.