Msuli haulegei mpaka upate pa kuegemea

Swali la wiki hii liliuliza: mwili uliokaza kwa kazi na mawazo, yoga ya taratibu inaulegeza vipi, na asiye na mwalimu aanzie wapi? Najibu nikiwafikiria akina mama wanaoanika dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, migongo imeinama tangu alfajiri, na vijana wa bodaboda ambao mabega yao yamepanda mpaka karibu na masikio bila wao kujua.

Kosa kubwa ni kujivuta. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima urefu wake. Ukiuvuta ghafla, taarifa inafika kwenye uti wa mgongo na msuli unaamriwa kukaza ili usichanike. Kwa hiyo anayejilazimisha anapigana na mwili wake mwenyewe. Dawa ni kuuwekea mwili kitu cha kuulalia. B.K.S. Iyengar wa Pune, India, alifundisha watu wengi kutumia blanketi, mito na viti. Kwetu doti ya khanga, mto na mkeka vinatosha. Subiri saa mbili au tatu baada ya ugali.

Anza chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika tatu. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukihisi pumzi inakupungukia, rudi 3 kwa 4. Achanisha meno pia, maana taya huficha mkazo mwingi.

Kisha piga magoti, yatanue, ulalie mto kifua na shavu. Hapa wengi hukwama: makalio hayafiki kwenye visigino, uzito wote unaangukia shingo na mabega. Kunja khanga nene, iweke katikati ya makalio na visigino. Goti likiuma, weka nyingine nyuma ya goti. Likiendelea kuuma, acha mkao huu kabisa. Dakika tatu, ukigeuza shavu katikati.

Kwa kiuno, rudi chali, angusha magoti yote upande mmoja juu ya mto, dakika mbili kila upande. Bega la pili likiinuka usiligandamize. Ongeza kimo cha mto chini ya magoti, litashuka lenyewe.

Miguu ukutani ndiyo tunu ya wanaosimama kutwa. Kaa ubavu ukigusa ukuta, kisha zunguka ulale huku ukipandisha miguu. Nyuma ya mapaja kukivuta, sogea mbali na ukuta shibiri moja au mbili. Ganzi ikiingia, kunja magoti. Dakika tano zinatosha. Mwenye presha ya macho, au presha ya damu isiyodhibitiwa, aache mkao huu. Alaze tu mashavu ya miguu juu ya godoro. Mjamzito wa miezi mitano na zaidi asilale chali muda mrefu, alale ubavu wa kushoto.

Malizia kwa kulala dakika tano, umejifunika, kwa kuwa mwili uliotulia hupoa haraka. Tazama mikono: vidole kujikunja kidogo ni kawaida, lakini ngumi iliyofumbata kama bado imeshika mpini wa pikipiki inaonyesha bega halijaachia. Ingiza khanga chini ya kiwiko. Kuinuka, geuka kwanza ubavu, tulia pumzi tano, jisukume kwa mikono. Wanaoruka juu ghafla ndio wanaopata kizunguzungu, kwa sababu presha imeshuka. Maumivu yanayoshuka mguuni kama umeme, au mguu unaokosa nguvu, ni ya kumpelekea daktari, si ya mkeka.

Na kijana wa bodaboda asingoje jioni. Akiwa kijiweni, pikipiki imezimwa, apandishe mabega akivuta pumzi, ayaachie yashuke akitoa, mara sita, kabla ya abiria mwingine.