Barua kwa Mwanangu: Ice Cube Aliacha Rapu?

Mwanangu Idrisa,

Marahaba. Huku sote wazima, mama yako anauliza kama kile kikohozi kimekwisha.

Nimekuelewa. Watu wa tamthilia wamekufuata, wanataka ucheze kijana wa kijiweni, na wenzako wa studio wanakuambia ukikubali tu, rapu umeizika. Wanakutolea mfano wa Ice Cube, yule mchanaji wa Marekani, kwamba siku hizi watoto wanamjua kwa vichekesho. Nawe ukaniuliza: hivi yule aliacha muziki, au muziki ndio uliomwacha?

Hapo umebisha hodi penyewe. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa na kibanda umiza Manzese. Anaconda, filamu ya 1997, niliionyesha mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Watu kwenye mabenchi wanabishana nani ataliwa na nyoka, na lazima nyuma kuna mmoja anapiga kelele "steringi hafi!" Steringi alikuwa Jennifer Lopez, na karibu naye jamaa mmoja kakunja ndita mwanzo mpaka mwisho, naye akapona. Ndiye huyo Ice Cube. Wateja wangu walimwita "yule wa nyoka", basi. Wala hawakujua kuwa mwaka 1989 ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, aliiandikia kampuni ya rekodi barua kulalamikia wimbo wa kundi lake la rapu, N.W.A, uliowashambulia polisi.

Jina lake la kuzaliwa ni O'Shea Jackson, mtoto wa Los Angeles, wa mwaka 1969. Kabla mambo hayajakaa sawa alikwenda Phoenix, Arizona, akasomea uchoraji wa ramani za majengo (hilo usijifanye hujaliona, na chuo chako ulichokiacha nusu). Ndani ya N.W.A watu waliona sauti na hasira, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kalamu. Mistari mingi aliyoichana mwenzake wa kundi, Eazy-E, iliandikwa na yeye, ukiwemo wimbo "Boyz-n-the-Hood" wa mwaka 1987. Mwishoni mwa 1989 akaondoka, akiwa na miaka ishirini tu, kwa sababu alipigia hesabu alichoandika na alicholipwa akaona havilingani. Mwaka uliofuata akatoa albamu yake mwenyewe.

Sasa tazama alivyoingia kwenye filamu. John Singleton alikuwa bado mwanafunzi wa filamu alipoanza kumwambia Cube kuwa ana nafasi ya kumpa kwenye filamu. Cube hakuichukulia maanani sana. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ya usaili alikwenda hajasoma muswada, akavurunda, na Singleton akamrudisha nyumbani akausome, aje tena. Aliposoma akakuta mtaa wake mwenyewe umeandikwa humo. Filamu ikaitwa Boyz n the Hood, jina lile lile la wimbo wake, ikatoka 1991, na Singleton akateuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora.

Humo Cube si steringi. Anacheza Doughboy, kijana aliyetoka jela. Ukipata nafasi itazame ile sehemu ya karibu na mwisho, asubuhi, amekaa na rafiki yake nje ya nyumba. Mdogo wake ameuawa, na anasema amewasha televisheni, wameonyesha habari za nchi za mbali, za mdogo wake hakuna. Hapandishi sauti hata kidogo. Mtu aliyezoea kuujaza ukumbi kwa maikrofoni moja amekaa na chupa mkononi, anaongea taratibu kama aliyechoka. Kisha anamwaga kinywaji chini na kuondoka. Hapo ndipo nilipomkubali kuwa ni mwigizaji.

Na rapu je? Mwaka 1992, filamu imeshatoka, albamu yake The Predator ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye Billboard, chati ya albamu ya Marekani. Ila nisikufiche, wenzako nao wana hoja kidogo: baada ya albamu ya 1993 alikaa mpaka 1998 ndipo akatoa nyingine ya peke yake. Miaka mitano kwa mchanaji ni mingi. Ilikwenda wapi? Kwenye kuandika. Singleton alimsukuma kwamba anayeweza kuandika wimbo anaweza kuandika filamu, naye akakaa na DJ Pooh, mtengenezaji wa muziki, wakaandika Friday, ikatoka 1995. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 3.5, ikaingiza zaidi ya milioni 27. Muongozaji alikuwa F. Gary Gray, aliyekuwa amemtengenezea video ya wimbo, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Hadithi yenyewe ni vijana wawili barazani kutwa nzima, wanadaiwa dola 200. Mimi kinachonifurahisha ni kwamba Cube, mwenye hadithi na mwenye jina, vichekesho vyote kamwachia mchekeshaji Chris Tucker. Yeye anakaa, anamtazama, anakunja ndita.

Baadaye akaongoza filamu yake, akacheza na George Clooney katika Three Kings, akacheza kinyozi katika Barbershop. Zile za kusafiri na watoto kwenye gari sikuzipenda, nadhani alizifanya kwa hela, na hela nazo ni kazi. Mwaka 2015 akawa mmoja wa watayarishaji wa filamu ya maisha ya N.W.A, na aliyemwigiza yeye ni mwanawe wa kumzaa, ambaye naye alipitishwa kwenye usaili kwanza. Albamu hajaacha kutoa, mojawapo ni ya 2024.

Kwa hiyo la wenzako lisikunyime usingizi. Mimi nina wasiwasi na jambo jingine. Umeniambia hao watu wa tamthilia wanataka pia nyimbo zako tatu zipigwe humo ndani, "kwa kukutangaza". Nyimbo hizo umezisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki? Mkataba unasema wanazitumia kwa tamthilia hii tu, au zinakuwa zao? Jina lako la kisanii je, nani analimiliki msimu ukiisha? Na muswada umeusoma wote, au umesoma sehemu zako tu?

Usisaini bado. Piga picha kurasa zote za mkataba, hata zile za maandishi madogo, unitumie kwa WhatsApp. Nitampelekea shangazi yako Mwajuma Jumamosi amwonyeshe yule wakili ambaye chumba chake kiko ghorofa moja na ofisi ya shangazi. Wakikuambia nafasi itapotea kwa siku mbili tatu hizo, niambie walivyosema, neno kwa neno.

Baba yako