Simulizi ya kiwanda au uigaji wa kiwanda?

Mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo mwalimu, naandika ripoti juu ya kupanga kazi kwenye viwanda vya chipu za kompyuta, kichwa nimeweka 'Kuchanganya uboreshaji na simulizi', je ni sahihi?"

Marahaba mwanangu. Simulizi itoe kabisa. Najua inafanana kwa sauti na neno la Kiingereza "simulation", lakini inatoka kwenye kusimulia, msomaji atakaa anasubiri hadithi. Andika uigaji, maana kompyuta inaiga kiwanda kinavyokwenda, mashine inakufa ghafla, mzigo unachelewa, foleni inajaa. Uigizaji pia hapana, hiyo waachie watu wa filamu.

"Uboreshaji" nao haujakaa sawa kwa sababu kuboresha ni kufanya kitu kiwe kizuri kuliko kilivyokuwa, basi, wakati hesabu yako inatafuta mpangilio unaoshinda yote inayowezekana, na kwenye chipu hapo ndo penye kazi maana kisahani kimoja cha silikoni, kile chipu zinachotengenezwa juu yake, kinapita hatua mamia, kinarudi mara nyingi kwenye mashine zilezile za kuchora kwa mwanga, inachukua wiki nyingi mpaka kiishe, halafu kuna hatua hazisubiri, kikishasafishwa kikachelewa kuingia tanuri kinaweza kuota utando wa oksidi pasipotakiwa na kazi yote ikaharibika. Mi ningeandika utafutaji wa ratiba bora kabisa. Ni refu, lakini linasema ukweli. Wanaosema optimaizesheni, kutoka "optimization" ya Kiingereza, siwakatazi, ila walifafanue linapotokea mara ya kwanza.

Sasa hilo "kuchanganya", hapa naomba unisikilize sana. Vitu vikichanganywa vinaingiliana mpaka huvitofautishi, na hivi viwili kila kimoja kina kazi yake: hesabu inatoa ratiba, uigaji unaipima kwenye hali ya mashine kuharibika na mizigo kuchelewa, majibu yanarudi kwenye hesabu, ratiba inapangwa upya, inapimwa tena. Chukua ratiba ya kivuko huku ziwani, kwenye karatasi inapendeza, ila mpaka uipitishe kwenye siku za upepo na foleni ya malori ndo unajua uongeze dakika ngapi kati ya safari na safari. Kwa hiyo sema kuoanisha.

Kichwa chako kiwe: "Kuoanisha utafutaji wa ratiba bora na uigaji katika utengenezaji wa chipu". Na huko ndani angalia upatanisho, uigaji unaonyesha, sio uigaji inaonyesha, hiyo nimeiona kwenye ripoti nyingi mno.