Maswali na majibu: Nani akatae wa kwanza?

Nilipoandika kuhusu msimu wa ukeketaji mkoani Mara, maswali yalimiminika. Haya ni baadhi yake.

Mimi na mume wangu hatutaki binti yetu akeketwe. Majirani nao, tukiongea faragha, hawataki. Lakini Desemba ikifika kila mtu anampeleka wa kwake. Tumerogwa? – Mama, Tarime

Hamjarogwa, mama. Kila mmoja anamwogopa mwenzake. Atakayekataa peke yake ndiye binti yake atachekwa kisimani na kukosa mchumba, na baba anayehesabu ng'ombe wa mahari halioni hilo kuwa dogo. Ndiyo maana semina za madhara hazitoshi. Kina mama wengi wanayajua madhara kuliko mwendesha semina.

Mwaka 1997 wanawake wa Malicounda Bambara, Senegal, walitangaza hadharani kuacha. Vijiji jirani vikawaka hasira. Imamu Demba Diawara wa Keur Simbara akawaeleza kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa kuwa watu huoana na vijiji vingine. Akazunguka kwa miguu kwa ndugu zake, na Februari 1998 vijiji 13 vikatamka kwa pamoja kule Diabougou.

Basi anzeni na koo mnazooana nazo. Mkutane, mtamke mbele ya watu, na kina baba wenye wavulana waseme vijana wao wataoa wasiokeketwa. Hapo ndipo pazito: bila neno la upande wa waoaji, mengine ni makofi tu.

Sheria ipo. Kwa nini polisi wasiwakamate ngariba wote tukamaliza? – Kijana, Musoma

Ipo tangu 1998, kifungo miaka 5 hadi 15. Wakamatwe, sipingi. Ila Wameru wa Kenya wana kisa cha kutufunza. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza lao la kimila, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yao, walipiga marufuku. Wasichana wakaingia porini kujikata wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Hadi 1959 watu zaidi ya 2,400 walikuwa wameshtakiwa. Na kwetu Singida, kwa hofu ya mkono wa dola na kwa imani kwamba ni dawa ya lawalawa, yaani maradhi ya sehemu za siri, wapo wanaokata watoto wachanga, ambao hawawezi kumsimulia mwalimu.

Faida kubwa ya sheria naiona kwa mzazi ambaye tayari anataka kukataa: anawaambia wakwe, "Nitafungwa." Sheria ya Kenya ya 2011 inamwadhibu hata anayemtukana mwanamke kwa kutokeketwa. Hilo tungeliiga kesho.

Sherehe za unyago bila kukata si maigizo ya wafadhili? – Mwalimu, Serengeti

Nyingine ni maigizo kweli: fulana, soda, picha, kwaheri. Kule Tharaka, Kenya, 1996, familia zilianza "tohara kwa maneno": wasichana waliwekwa ndani, wakafundwa, kisha wakatolewa kwa ngoma na zawadi. Ilikuwa na uzito kwa sababu wazazi wenyewe walishiriki. Ukiandaa yako, uliza kwanza nani atapoteza kipato. Ngariba hulipwa, na wazee wa mila wana fungu lao. Usipozungumza nao mapema, usiku watafanya yao.

Binti yangu ana miaka 19. Shangazi yake anadai sheria haimhusu. – Baba, Sirari

Shangazi amesoma nusu. Kifungu cha ukeketaji Tanzania kinawalinda walio chini ya miaka 18, na pengo hilo ni aibu. Lakini kumkata mtu mzima kwa nguvu ni kumjeruhi, na hilo ni kosa la jinai. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, hakuna umri unaoruhusiwa. Ukiona maandalizi yameanza, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mugumu pia kuna nyumba salama ya Rhobi Samwelly inayowapokea wasichana wanaokimbia. Usingoje ngoma zianze. Msimu ukiwadia barabara hujaa watu na hapo kumtoa binti ni vita.