Programu ya kuandika nyimbo unazosikiliza: ikatie bando kwanza

Msomaji wa Igoma ameandika akiomba jina la programu ya kompyuta inayoweka kumbukumbu ya kila wimbo anaousikiliza: msanii, jina la wimbo, siku na saa. Aliyonayo inapoteza nyimbo, nyingine inaziandika mara mbili. Majina yatakuja, ila tuanze na hitilafu, maana hapa Mwanza programu haijulikani ubora wake mpaka umeme ukatike au bando liishe katikati ya wimbo.

Kanuni kwanza. Last.fm ya Uingereza, huduma ya mtandaoni iliyoanza 2002, ambako programu hizi hutuma kumbukumbu ya nyimbo kwenye akaunti yako, huhesabu wimbo unaozidi sekunde 30, na huuandika baada ya nusu yake kupigwa au dakika 4 kupita, lolote litakalotangulia. Dansi la dakika 10 ukilikata dakika ya 5 limeshaandikwa. Bongo fleva ya dakika 3 ukiiruka baada ya dakika moja, haimo. Wengi wanaosema nyimbo zao zinapotea ni warukaji wa nyimbo tu.

Sasa jaribio. Zima intaneti, piga nyimbo 3 mpaka mwisho, halafu fungua Task Manager, dirisha la Windows la kufunga programu kwa nguvu, uiue programu ghafla, kama umeme unavyoiua. Washa kompyuta upya, rudisha intaneti, subiri dakika chache. Nyimbo zote 3 zionekane kwenye akaunti, kila moja na saa uliyoisikiliza kweli. Zikifika zote na saa ya kutumwa, iondoe hiyo programu. Zisipofika, maana yake foleni ya nyimbo zinazosubiri kutumwa ilikaa kwenye RAM tu, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, badala ya kuandikwa kwenye diski. Usijifariji kwamba itajirekebisha.

Hata foleni nzuri ina ukomo. Last.fm haipokei usikilizaji uliopita wiki mbili, kwa hiyo mtu anayekaa Ukerewe mwezi mzima bila bando atapoteza nusu ya mwezi wake. Huyo namshauri ListenBrainz, huduma ya taasisi ya MetaBrainz, inayopokea hata ya miaka ya nyuma, mradi isiwe kabla ya Oktoba 2002. Ajue lakini kwamba kumbukumbu zake huko zinasomwa na yeyote.

Saa ya kompyuta ndiyo adui asiyeshukiwa. Mashine nyingi za mtumba huja na betri ya CR2032 iliyokufa ndani, ile ya duara ya volti 3. Umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka nyuma, na kila wimbo unakataliwa kwa uzee. Badilisha betri. Kisha hakikisha eneo la saa ni Nairobi, UTC+03:00. Kuna watu mashine zao zimebaki na majira ya California, nao wakasogeza mishale kwa mkono ili ilingane na ya ukutani. Kwa macho iko sawa, lakini kwa seva nyimbo zao zinatoka saa 10 au 11 mbele, na wimbo wa kesho haupokelewi.

Ukiwa na mafaili kwenye Windows, chukua MusicBee, programu ya kupiga muziki, uwezo wa kutuma Last.fm umo ndani yake. Kwenye Linux chukua Strawberry, ambayo ina chaguo la kukusanya tu bila kutuma mpaka utakapotaka. Kwa watu wa bando la siku hakuna bora zaidi. Unayesikiliza YouTube unahitaji kiongezo cha kivinjari kiitwacho Web Scrobbler, nacho husoma kichwa cha video, hivyo miksi ya DJ ya saa nzima itaandikwa kama wimbo mmoja. Kuhusu kuandikwa mara mbili: umeunganisha Spotify na Last.fm kule kwenye tovuti, kisha ukaweka na programu inayosikiliza Spotify hiyohiyo. Acha njia moja.

Yote hayo ni kazi bure kama tagi zako, yaani majina ya msanii na wimbo yaliyoandikwa ndani ya faili, ni chafu, na za kwetu ni chafu kweli. Faili la kurushiwa kwenye flashi mara nyingi lina jina la tovuti mahali pa jina la msanii, basi mwisho wa mwaka msanii wako namba moja anakuwa tovuti. Fungua Mp3tag, programu ya kuhariri tagi, chagua mafaili yote, futa jina hilo kwa mkupuo, hifadhi. Mbaraka Mwinshehe na Mbaraka Mwishehe ni watu wawili kwa mashine. Chagua tahajia moja. Nyimbo za Kisukuma ndizo ngumu zaidi, kwa sababu ng' ya "Ng'wana" huandikwa kwa alama iliyonyooka na iliyopinda, na mashine inaona majina mawili. Tumia iliyonyooka kote. Picard, programu ya tagi inayotambua wimbo kwa sauti, hufanya vizuri kwa nyimbo kubwa, lakini msanii wa Misungwi anayeuza kwa flashi hayumo kwenye hifadhi ya majina inayotumia. Andika kwa mkono. Inachosha, na inabidi, kwa sababu tusipoandika majina ya watu wetu sawasawa hakuna wa nje atakayetuandikia.

Usafishe kabla ya kuanza kutuma: ukirekebisha tagi baadaye, kilichokwisha kutumwa hakibadiliki chenyewe. Zima pia upakuaji wa picha za wasanii. Kumbukumbu yenyewe ni maandishi machache, picha ndizo zinazokula bando. Na kila mwezi pakua nakala ya kumbukumbu zako uiweke nje ya kompyuta hiyo.