Uliniuliza kuhusu Mzee

Mwanangu Salim,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza kwa nini mpaka leo nazunguka kutazama jela na nyumba alizokaa Mzee Kenyatta, na shamba la babu yako la Kikambala unajua lilivyokwenda wakati wa utawala wake. Shamba sijalisahau. Lakini nimewaambia tangu mko wadogo: mtu usimhukumu kwa kusikia, fika alipolala.

Alifia hapa hapa Mombasa, Ikulu, tarehe 22 Agosti 1978. Ilikuwa Ramadhani. Bibi yako amekalia mbuzi anakuna nazi ya futari, redio ikatangaza. Akasimama na kifuu mkononi. Na babu yako, ambaye hakuwahi kumpigia Mzee makofi, akalia! Nikataka kumjua huyo anayeliliwa na mtu aliyepoteza shamba.

Sasa Kapenguria, kule mkoloni alikowashtaki Mzee na wenzake kwa mambo ya Mau Mau. Tulipokwenda na marehemu baba yako tulimkuta mwalimu na wanafunzi wake. Akawapanga mbele ya chumba cha Mzee, wakapiga picha, kisha hao, basini. Nikamwambia, mwalimu, walikuwa sita: wako pia Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko. Akanijibu, "Mama, muda hatuna." Wallahi linaniuma mpaka leo. Walihukumiwa pamoja 1953, miaka saba na kazi ngumu. Uhuru ulipokuja, Kaggia akatoka serikalini 1964 kwa kuwatetea wasio na ardhi. Oneko naye akawekwa kizuizini 1969, hadi 1975, na serikali ya huyo huyo aliyeshtakiwa naye. Watoto wasipoambiwa hayo wameona nini, kuta?

Utasema jibu nimeshalitoa. Labda. Lakini mtu aliyetoka kwenye jua la Lokitaung, jela ya kule jangwani Turkana, asiwalipize kisasi waliomfunga, nimwite nani? Na aliyemsamehe Mzungu kisha akamfunga Oneko, huyo naye nimwite nani? Ulimi unaniwasha, ila bado sisemi. Maralal sijafika, alikowekwa 1961 kabla ya kurudishwa kwake Gatundu, na mtu kwanza fika alipolala.

Desemba shule zikifungwa njoo na wanao, twende sote. Mafuta ya gari nusu nitatoa mimi.

Mamako